Uzi: Mashada na vito vya maombolezo vya nywele za binadamu, na kwa nini vingi vinavyouzwa kwa jina hilo havikuwa vya msiba

Kasha la Mvule (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kazi yangu hapa Uingereza ni kuorodhesha vitu vya kale kabla havijaingia mnadani, na mara kwa mara hupita mikononi mwangu pete, bangili, vidani na fremu za kioo zenye nywele za watu waliofariki dunia zaidi ya karne moja iliyopita. Katika uzi uliopita wa vito vya kale, ndugu kadhaa waliuliza kama ni kweli kwamba Wazungu walisuka mapambo kwa nywele za marehemu wao, nami nikaahidi kulieleza jambo hili kwa kirefu. Ni kweli walifanya hivyo. Hata hivyo, jina la "kito cha maombolezo" limebandikwa na wauzaji juu ya vitu vingi mno visivyohusiana na kifo, na hilo ndilo ningependa tulijadili, kwa sababu mnunuzi anayeona nywele na papo hapo akaona jeneza huwa ameacha kukitazama kitu chenyewe.

Desturi ya kuweka nywele za mtu ndani ya pete ilikuwepo Uingereza muda mrefu kabla Malkia Victoria hajazaliwa. Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa mwaka 1649, wafuasi wake walivaa pete na vidani vyenye picha yake ndogo, na vingine vilitiwa nywele zilizosemekana kuwa za kichwani mwake. Kuvaa kitu hicho chini ya serikali iliyomuua kulikuwa msimamo wa siasa kadiri kulivyokuwa kilio. Vito vya maombolezo vya wakati huo vilikuwa na mafuvu, mifupa na majeneza, wala mtengenezaji hakujisumbua kuvificha. Kufikia mwisho wa karne ya 18 mafuvu yaliachwa, ikaja michoro laini zaidi: mtungi wa majivu juu ya kaburi, mwanamke aliyeliegemea akilia, na pembeni mti ambao matawi yake huning'inia mpaka karibu na ardhi. Michoro hiyo ilichorwa juu ya vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na wakati mwingine nywele za marehemu zilikatwa vipande vidogo sana au kusagwa, kisha zikachanganywa na rangi ya kahawia, hivi kwamba anayeliliwa yumo ndani ya wino wenyewe.

Napoleon naye aliifuata desturi hii. Katika wosia alioandika kisiwani St Helena mwaka 1821, aliagiza nywele zake zihifadhiwe na zisukwe bangili zenye kishikizo kidogo cha dhahabu, zipelekwe kwa mkewe Marie Louise, kwa mama yake, kwa kaka na dada zake na kwa watoto wa ndugu zake, na iliyo kubwa kuliko zote apewe mwanawe.

Kuhusu Victoria, wengi huandika kwamba yeye ndiye aliyeanzisha mtindo huu. Mumewe Albert alifariki tarehe 14 Desemba 1861, naye akavaa nguo nyeusi mpaka alipofariki mwenyewe Januari 1901, akiwa na vito vyenye nywele za mumewe. Lakini katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, wakati Albert akiwa hai na akiwa mmoja wa waandalizi wakuu, kazi za nywele zilikuwa tayari zimewekwa mbele ya umma. Msiba wa malkia uliipa desturi hiyo hadhi na wateja wapya. Chimbuko lake liko mbali zaidi.

Msusi wa Kariakoo

Ndugu Kasha, ahsante kwa uzi huu. Mimi ni msusi kwa miaka mingi, na jambo lililonishangaza ni picha ulizotuma katika uzi ule mwingine, hasa lile shada lenye umbo la kwato ya farasi ndani ya kasha la kioo, lenye maua ambayo mtu angeapa kwamba ni ya waya na hariri. Nywele za Kizungu ninazozifahamu ni laini na zinateleza. Fundo lake halishiki bila kitu cha kulisaidia. Tafadhali tueleze kinagaubaga walizifanyaje zikae namna hiyo kwa miaka 150, na je, zilikatwa kichwani mwa maiti au zilikusanywa kwa njia nyingine?

Kasha la Mvule

Dada Msusi, umeuliza mambo mawili yaliyo mazito kuliko yote katika uzi huu, kwa hiyo nitajibu polepole.

Kwanza nywele zilisafishwa mafuta kwa maji ya moto yenye magadi, zikakaushwa, zikapangwa kwa urefu na kugawanywa katika mafungu yenye idadi sawa ya unywele. Hatua hiyo ya kuhesabu ndiyo iliyowashinda wengi, kwa sababu fungu likizidi kidogo tu msuko wote unakwenda upande. Baada ya hapo njia zilikuwa tatu, na kila moja ilitoa kitu cha aina yake.

Njia ya meza ndiyo iliyotoa bangili, mikufu, hereni na minyororo ya saa. Fundi alikaa mbele ya meza ndogo ya duara yenye tundu katikati. Mafungu ya nywele yalifungwa pamoja juu ya tundu, na ncha ya kila fungu ikatundikwa kijiti chenye uzito wa risasi ukingoni mwa meza, huku uzito mwingine ukining'inia chini ya tundu kuuvuta msuko uliokwisha kukamilika. Fundi alivusha vijiti hivyo kwa zamu, hiki juu ya kile, akifuata mpangilio ulioandikwa, na msuko ukazaliwa kuzunguka ufito mwembamba uliosimamishwa katikati. Yeyote aliyewahi kumwona bibi yake akisuka ukili ataielewa hesabu ya kazi ile mara moja, isipokuwa huku msuko ni wa mviringo na wazi ndani. Ulipomalizika ulichemshwa pamoja na ufito wake, ukakaushwa kwa joto, kisha ufito ukachomolewa, na nywele zikabaki na umbo hilo bila gundi yoyote. Sonara alimalizia kwa kutia vishikizo vya dhahabu.

Njia ya pili ni ya gundi, nayo ndiyo utakayoikuta ndani ya pini za kifuani zenye kioo. Nywele zililazwa sambamba juu ya karatasi iliyopakwa gundi, zikikauka zikawa kama kitambaa chembamba, ambacho kilikatwa majani, manyoya au matofali ya kaburi na kubandikwa juu ya pembe au kioo cheupe. Vishungi vilivyojipinda kama manyoya ya ndege vilikunjwa kwa chuma chenye joto na kufungwa kwa uzi wa dhahabu na lulu ndogo ndogo.

Njia ya tatu ndiyo ya mashada. Nywele chache zilipitishwa juu ya ufito pamoja na waya mwembamba, zikafanywa vitanzi vingi vilivyobanwa na waya huo huo. Ufito ukitolewa, mtu ana mkanda wa vitanzi anaoweza kuukunja uwe ukingo wa petali. Kwa hiyo macho yako hayakukosea, dada: waya umo, ingawa umefichwa. Mwaka 1867 Mark Campbell alichapisha nchini Marekani kitabu cha kufundisha kazi hizi, kikiwa na michoro ya misuko na vito vilivyokamilika, na akina mama wengi walijifunza wakiwa sebuleni.

Sasa swali la maiti. Nywele nyingi zilizomo katika mashada hazikutoka kwa maiti. Juu ya meza ya kujipambia ya mwanamke wa wakati ule palikuwa na kikopo chenye tundu kwenye kifuniko, na kila alipochana nywele alizisokota zilizobaki kwenye kitana akazitia humo. Kikopo kikijaa, zilitumika kujazia mitindo ya nywele au kutengeneza mapambo. Shada la familia lilikusanya nywele za babu, shangazi, watoto na majirani, wengine wakiwa hai na wengine wamekufa, na liliongezwa ua baada ya ua kadiri watu walivyopatikana. Mengine yalikuwa ya wanafunzi wa darasa moja au ya waumini wa kanisa moja. Shada la namna hiyo ni daftari la ukoo au la urafiki. Kuliita la msiba ni sawa na kumzika mtu angali anakula.

Mzee Nanjinja

Nimewasoma kwa makini, nami sitaki kuonekana mkorofi, lakini sisi tuliolelewa kijijini tulifundishwa kuzifukia nywele zetu tukishanyolewa, ili zisiokotwe na mtu mwenye nia mbaya. Halafu katika jamii nyingi za kwetu, mtu akifiwa ndiye anayenyolewa. Hawa wenzetu wanazikata za marehemu na kuzivaa shingoni. Ndugu Kasha, hebu nieleze, bila kuwatetea wala kuwashutumu, walikuwa wanawaza nini?

Kasha la Mvule

Shikamoo mzee wangu. Swali lako si la ukorofi hata kidogo.

Jambo la kwanza ni kwamba nywele haziozi kama nyama. Zimejengwa kwa protini ngumu, ile ile ya kucha na kwato, na zikiwekwa pakavu na gizani hubaki na rangi yake kwa karne nyingi. Kwa watu waliozoea kuona mtoto akizikwa katika nyumba ambayo mwaka uliopita alizikwa mwingine, nywele ndizo zilizokuwa sehemu pekee ya mwili ambayo ingeweza kubaki mkononi bila kubadilika. Jambo la pili ni kwamba picha za kamera zilitangazwa kwa umma mwaka 1839 tu, na kwa miongo iliyofuata familia nyingi hazikuzimudu. Mama aliyefiwa na mtoto wa miezi minne hakuwa na sura yake popote, ila hicho kishungi. Baadaye vitu hivi viwili viliwekwa pamoja: picha upande mmoja wa kidani, nywele upande wa pili.

Tena imani ya wengi wao ilikuwa kwamba marehemu anawasubiri mbinguni na watakutana naye akiwa yeye yule. Kishungi kilikuwa kama rehani ya makutano hayo. Hofu ya kwamba nywele zinaweza kutumika kumdhuru mwenyewe ilikuwepo Ulaya pia, mzee, hasa vijijini. Lakini miongoni mwa tabaka la kati la mjini lililonunua vito hivi, hofu iliyotawala ilikuwa nyingine kabisa, yaani hofu ya kutapeliwa na sonara. Hiyo nitaieleza akija mtu wa dhahabu kuniuliza.

Ustadh wa Kisauni

Naomba niongeze kidogo kwa upande wa dini, kwa kuwa wengi wetu wa pwani tutalitazama jambo hili kwa jicho hilo. Nywele za Mtume, rehema na amani zimfikie, ziligawiwa kwa Masahaba aliponyoa katika Hija ya kuaga, na Bi Umm Salama alihifadhi baadhi yake. Mpaka leo katika jumba la Topkapi mjini Istanbul huonyeshwa zinazonasibishwa naye. Kwa hiyo kuhifadhi nywele kwa mapenzi si jambo geni kwetu. Lakini fuqahaa, yaani wanazuoni wa sheria za dini, wa madhehebu ya Kishafi, na wengine pia, wamekataza kuuza nywele za binadamu na kuzigeuza pambo, wakitoa sababu kwamba mwanadamu ametukuzwa na viungo vyake havifanywi bidhaa, na wakapendekeza nywele zilizokatwa zifukiwe. Ukiangalia, mzee Nanjinja na vitabu vya fiqhi wamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti. Kuhusu eda ya mjane, ambayo ni miezi minne na siku kumi, yeye huacha mapambo yote, hata yaliyo meusi.

Kasha la Mvule

Ahsante, ustadh. Kwa kulinganisha tu, mjane wa Kiingereza wa tabaka la kati alitarajiwa kukaa katika nguo nyeusi kwa miaka 2 au zaidi, na mwanzoni alivaa kitambaa kizito kisichong'aa. Vito vilivyoruhusiwa vilikuwa hafifu wa mng'ao, hasa vya jiwe jeusi la Whitby katika pwani ya Yorkshire, ambalo kwa hakika ni mti wa kale uliogeuka kuwa aina ya makaa. Mume aliyefiwa aliruhusiwa muda mfupi zaidi na usumbufu mdogo zaidi. Hapo sina la kuongeza.

Sonara wa Mji wa Kale

Mimi ni mtu wa dhahabu, kwa hiyo nitauliza ya dhahabu. Umesema wauzaji wanabandika jina la maombolezo ovyo. Mnunuzi atatofautishaje? Pili, huo utapeli wa masonara wenzangu ulikuwaje? Tatu, hizo pembe za ndovu zilizochorewa zilitoka wapi? Babu zetu hapa Mombasa na Zanzibar waliuza pembe nyingi mno katika karne ya 19, na ningependa kujua kama zimo humo.

Kasha la Mvule

Ndugu Sonara, nianze na utapeli. Mteja alimpelekea sonara kishungi cha mwanawe, akarudishiwa bangili nzuri mno. Je, nywele ni zile zile? Nywele za mgonjwa zinaweza kuwa fupi na zinazokatika, na fundi aliyehitaji unywele mrefu na imara alikuwa na magunia ya nywele zilizonunuliwa kwa jumla, nyingi zikitoka kwa wasichana wa vijijini nchini Ufaransa waliouza nywele zao kwenye magulio. Kishawishi kilikuwa kikubwa, na vitabu vya kujifunzia vilikitumia kama tangazo: suka mwenyewe, uwe na hakika. Wakati huo huo jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia lilipokea nywele za wasomaji kwa posta na kuwarudishia vito vilivyokamilika. Watu waliamini, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kuhakiki.

Walioaminiwa zaidi walikuwa wale waliosuka mbele ya macho ya mteja. Katika kijiji cha Våmhus, jimbo la Dalarna nchini Uswidi, mashamba yalikuwa madogo na umaskini mwingi, na katika karne ya 19 wanawake wa huko walisafiri mpaka Ujerumani, Urusi na Uingereza wakiwa na vifaa vyao, wakipokea nywele za mwenye nyumba na kuzisuka. Ujuzi huo haujafa. Wapo wanaoufanya kijijini humo hadi leo.

Kuhusu kutofautisha, mimi hutazama maandishi kwanza. Kito cha msiba cha Kiingereza mara nyingi hujitaja chenyewe: kina jina au herufi za mwanzo, tarehe ya kufariki na umri, au maneno "In Memory Of" (kwa kumbukumbu ya) katika enameli nyeusi, yaani rangi ya kioo iliyoyeyushiwa juu ya dhahabu. Enameli nyeupe badala ya nyeusi kwa kawaida huashiria mtoto au mtu ambaye hakuwa ameoa wala kuolewa. Lulu zilichukuliwa kama machozi, lakini lulu peke yake haitoshi, kwani bibi harusi naye huvaa lulu. Maandishi yakikosekana, nyeusi ikikosekana, halafu ukaona nywele za rangi mbili zimesukwa pamoja, au moyo, au vijiua vya feruzi, basi fikiria mapenzi kabla ya kufikiria kaburi. Minyororo ya saa za mfukoni ndiyo inayodanganya zaidi. Mingi ilisukwa na mchumba au mke kwa nywele zake mwenyewe, akampa mwanamume aliye hai, na mwanamke akaendelea kuishi miaka arobaini akiiona tumboni pa mumewe kila siku. Kwenye orodha za mnada imeandikwa "ya maombolezo", kwa sababu neno hilo hupandisha bei.

Kwa upande mwingine, mfano usio na shaka ni pete iliyopelekwa mwaka 2019 katika kipindi cha televisheni cha Uingereza cha kukadiria vitu vya kale. Ndani ya duara lake mlikuwa na jina la mwandishi Charlotte Brontë na tarehe ya kifo chake cha Machi 1855, na chini ya kifuniko chenye bawaba mlikuwa na msuko mwembamba wa nywele. Mtaalamu aliikadiria kuwa na thamani ya pauni 20,000. Bila maandishi yale ingekuwa pete ya kawaida. Katika nyumba ya familia hiyo kijijini Haworth, ambayo sasa ni makumbusho, ipo pia bangili yake yenye nywele za wadogo zake wawili, Emily na Anne.

Mashada ya umbo la kwato nayo yana maelezo maarufu: ua la aliyefariki karibuni huwekwa katikati, na akifariki mwingine lile la awali huhamishiwa ubavuni, huku upande ulio wazi ukielekea juu, mbinguni. Maelezo hayo yanafaa kwa baadhi ya mashada. Yapo mengi ambayo katikati yake hakuna kitu, au pana ua la harusi, au pana jina la mwanamke aliyeyasuka yote.

Sasa pembe za ndovu. Hapa natahadhari, ingawa najua kila mmoja wetu angependa jibu liwe ndiyo. Michoro ile ya mitungi na wanawake wanaolia ilishamiri katika miongo ya mwisho ya karne ya 18, kabla ya biashara ya pembe kati ya Zanzibar na Marekani kushika kasi. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani ulitiwa saini mwaka 1833. Pembe za pwani yetu zilikwenda kwa wingi zaidi kwenye vibao vya piano, vitana na mipira ya biliadi. Kipande kimoja cha mwaka 1785 hakiwezi kudaiwa kuwa cha Zanzibar kwa kutazamwa tu. Lililo wazi ni sheria: tangu mwaka 2022 Uingereza imepiga marufuku biashara ya pembe za ndovu isipokuwa kwa misamaha michache, na mmojawapo unahusu picha ndogo za watu zilizochorwa kabla ya mwaka 1918 zisizozidi sentimita za mraba 320, tena lazima zisajiliwe kwanza. Mchoro wa kaburi si picha ya mtu, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba msamaha huo unakihusu kila kipande.

Mbegu ya Mbuyu

Ninafanya kazi katika maabara, na nimeona hakuna aliyegusia vinasaba. Leo tunayo njia ya kuhakiki ambayo wateja wa Godey's hawakuwa nayo, ingawa ina mipaka. Unywele uliokatwa hauna mzizi, na katika shina lake vinasaba vya kiini cha seli ni vichache na vimevunjika vipande vidogo. Vile vinavyorithiwa kwa upande wa mama hupatikana kwa urahisi zaidi.

Mfano mzuri ni mtunzi wa muziki Beethoven, aliyefariki mjini Vienna Machi 1827 na kukatwa nywele nyingi na wageni waliokuja kumuaga. Mwaka 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa mafungu 8 yaliyodaiwa kuwa yake. Matano yalikubaliana, ya mwanamume mmoja, na yakakubaliwa kuwa ya kweli. Lakini fungu mashuhuri kuliko yote, lililosemekana kukatwa na kijana Ferdinand Hiller, lilionekana kuwa la mwanamke. Fungu hilo ndilo lililotumiwa hapo awali kudai kwamba Beethoven aliuawa na sumu ya madini ya risasi. Yale ya kweli yalionyesha urithi wa hatari ya maradhi ya ini na dalili za virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 2024 mafungu mawili kati ya yale ya kweli yalipimwa na kukutwa na risasi nyingi kwelikweli, ingawa watafiti hawakuona kuwa inatosha peke yake kuwa sababu ya kifo. Kwa hiyo nadharia ilirudi kwa sehemu, safari hii ikiwa na ushahidi wa mtu mwenyewe.

Tatizo ni kwamba kipimo huharibu nywele zinazopimwa. Kwa pete ya bibi wa mtu asiyejulikana, hakuna atakayekubali.

Msusi wa Kariakoo

Nimejifunza mengi. Nina maswali mawili ya mwisho. Kwa nini waliacha, na mtu akitaka kuona mashada haya kwa macho yake aende wapi?

Kasha la Mvule

Waliacha kwa sababu kadhaa zilizofuatana. Kufikia miaka ya 1880 mitindo ilikuwa imeanza kubadilika na vito vya nywele vikaonekana vya kizamani, tena picha zikawa rahisi. Halafu Vita Kuu ya Kwanza ikaua vijana wengi mno mbali na kwao, wengi wao bila mwili kurudishwa wala kishungi kukatwa, na masharti ya nguo nyeusi yakawa hayawezi kutekelezwa na taifa zima kwa pamoja. Katika miaka ya 1920 wanawake wakakata nywele zao fupi. Malighafi ikawa haipo, na kizazi kilichofuata kikaanza kuona kinyaa.

Mahali utakapopapenda zaidi, dada, hapapo tena. Mjini Independence, jimbo la Missouri, palikuwa na makumbusho ya Leila Cohoon, ambaye alikuwa msusi na mwalimu wa wasusi kama wewe. Alinunua shada lake la kwanza mwaka 1956, akaendelea mpaka akawa na mashada zaidi ya 600 na vito vipatavyo 2,000. Alifariki Novemba 2024, na makumbusho yakafungwa mwaka uliofuata, vitu vikagawiwa kwa taasisi mbalimbali, ikiwemo makumbusho ya taifa ya wanawake wasanii mjini Washington. Binafsi nadhani huo ulikuwa uamuzi mwema. Kazi hizi zilisukwa na wanawake ambao majina yao hayakuandikwa popote, na kwa muda mrefu makumbusho makubwa yaliziona kuwa vikorokoro vya sebuleni. Hapa London, jumba la Victoria and Albert lina vito vya nywele vya karne kadhaa, na kuingia ni bure.

Dada wa Minneapolis

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Ninafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani hapa Marekani. Mama mmoja niliyemhudumia amenizawadia, kwa idhini ya watoto wake, pini ya kifuani ya umbo la yai, yenye kioo mbele na nywele za rangi mbili, ya hudhurungi na ya dhahabu, zilizosukwa miraba miraba kama mkeka. Fremu ni ya dhahabu yenye vijiua vya buluu. Nilipofika nyumbani mwenzangu alinisihi niitupe kwa sababu ni ya mtu aliyekufa. Pia kioo kina vumbi kwa ndani na nilikuwa nataka kuiosha.

Kasha la Mvule

Dada yangu, usiitupe, na tafadhali usiioshe. Gundi iliyoshika nywele hizo huyeyuka kwa maji, na maji yakipenya nyuma ya kioo msuko utalegea na kuota ukungu. Usiifungue wewe mwenyewe. Ipanguse nje kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye kisanduku mbali na jua, kwa kuwa mwanga hupausha nywele, na mara moja moja ikague kama kuna vijidudu, maana viluwiluwi vya nondo na vya mende wa mazulia hula nywele kama wanavyokula sufu. Ukiivaa, ivae siku isiyo na mvua.

Kwa maelezo yako, rangi mbili zilizosukwa pamoja, vijiua vya buluu na kutokuwepo kwa nyeusi, mimi ningeiandika kwenye orodha yangu kuwa ni pini ya mapenzi au ya undugu, yenye nywele za watu wawili, na nisingetumia neno maombolezo mpaka nione ushahidi. Ushahidi huo, kama upo, utakuwa mgongoni. Igeuze, imulike kwa mwanga wa ubavuni, na utafute herufi au tarehe zilizokwanguliwa kwenye dhahabu, kisha ututumie picha ya upande huo.